Barua ya wazi kwa viongozi wa Tabora: tunaomba chumba cha karatasi za mama zetu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora,
Mstahiki Meya na Waheshimiwa Madiwani wa Manispaa ya Tabora,
Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania,
Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

YAH: OMBI LA CHUMBA CHA KUTUNZIA MISWADA NA BARUA ZA WANAWAKE WAANDISHI WA MKOA WETU

Waheshimiwa, shikamooni mlionizidi umri, na wengine wote nawasalimu.

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhazili mstaafu, mkazi wa Isevya. Nilisomea hapahapa Tabora, Chuo cha Uhazili, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo hadi nilipostaafu kazi yangu ilikuwa kuchapa maneno ya watu wengine na kuyapeleka masijala. Barua za ofisi nilizochapa hazina idadi. Hii ni ya kwanza naichapa kwa niaba yangu mwenyewe, na chanzo chake ni sanduku la bati lililopo chumbani kwangu, chini ya dirisha.

Sanduku lilikuwa la mama mkubwa, dada yake mama yangu. Sisi watoto tulimwita Mayo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na usiku, watu wakishalala na vyombo vikishaoshwa, alikuwa anaandika riwaya. Aliandika kwenye madaftari ya shule, yale ya zamani yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Aliruka mstari mmoja kila mara ili apate pa kusahihishia. Madaftari yalikuwa tisa. Riwaya yenyewe ilimhusu binti wa Sikonge ambaye baba yake alikwenda Tanga kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge. Mwanzo baba alikuwa anatuma barua mbili kwa mwaka, kisha moja, kisha kimya. Mji mzima wa hadithi ile ni wa wanawake: mama, bibi, shangazi aliyerudi kwao, na mtoto anayesoma darasa la nne ambaye ndiye pekee anayeweza kuwasomea barua. Wazee wa mkoa huu mnajua Wanyamwezi wangapi waliondoka kwenda mkonge. Wake zao walibaki na nini, hilo hatulioni kwenye vitabu vya historia tulivyosomeshwa. Mayo alikuwa ameliandika.

Kabatini kwake alikuwa na riwaya mbili alizozifunika kwa karatasi ya kaki kama anavyofunika vitabu vya shule: Shida ya Ndyanao Balisidya na Hana Hatia ya Martha Mvungi. Zote mbili zilitoka 1975. Aliwahi kuniambia kwamba alipoona majina mawili ya wanawake kwenye majalada ya riwaya za Kiswahili, ndani ya mwaka mmoja, alitoka akanunua madaftari.

Nilipokuwa chuoni alinipa sura mbili za mwanzo nimchapie. Nilichapa jioni baada ya vipindi, kwa ruhusa ya mwalimu wangu. Vijana ambao hawakuikuta taipureta niwaeleze kidogo. Unaweka karatasi nzuri juu, kaboni katikati, karatasi nyepesi chini. Unapiga herufi kwa nguvu sawa, maana ukilegeza kidole nakala ya chini inatoka hafifu. Ukikosea, unafuta ya juu na ya chini pia, na mwalimu akiishika karatasi kwenye mwanga anaona kovu. Sura mbili zilinichukua majuma matatu. Mayo aliichukua ile ya juu akaituma kwa wachapishaji mjini Dar es Salaam. Akajibiwa kwa mistari mitatu kwamba muswada wake umepokelewa. Haikuja barua nyingine. Ilikuwa miaka ambayo hata daftari la mtoto wa shule lilikuwa la kutafutwa, kwa hiyo simlaumu mtu. Nakala ya chini aliniachia mimi. Akasema, "Wewe ndiye masijala wangu."

Mayo alifariki mwaka 2006. Baada ya arobaini wanaukoo walikaa, wakaona sanduku lisibaki nyumbani ambako wapangaji wanaingia na kutoka. Likapelekwa kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa waliokuwepo wakati ule hawapo tena na sikuandika barua hii ili kumtafuta mtu. Hatukupewa hati ya mapokezi. Mimi, niliyekuwa nasajili barua kila siku ya Mungu, sikudai hati, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Miaka minane baadaye nilikwenda kuuliza. Nikaambiwa nikaangalie stoo ya nyuma, ile ya majembe na ndoo.

Nililifungulia uani, juu ya mkeka. Mchwa walikuwa wamepanda kwa pembe moja iliyoliwa na kutu. Madaftari matano yalikuwa yamegeuka udongo mwekundu wenye umbo la daftari. Ukigusa, unabaki na vumbi na vipande vya jedwali la kuzidisha, maana jalada la nyuma ni gumu na mchwa walilimaliza mwisho. Saba mara nane, saba mara tisa. Madaftari manne yalipona kwa sababu Mayo mwenyewe aliyafunga ndani ya mfuko wa nailoni.

Ningependa mlione moja kati ya hayo manne. Daftari la tatu, ukurasa wa katikati, mama wa yule binti anasomewa barua ya mwisho kutoka Tanga. Mayo aliandika kwanza: "Mama akalia." Akakata. Juu yake akaandika: "Mama akatoka nje." Akakata. Pembeni kabisa, kwa herufi ndogo, kalamu ya rangi nyingine, pengine siku nyingine: "Mama akaendelea kupepeta." Hapo hakukata. Kitabu kilichochapishwa kingekuonyesha sentensi ya tatu tu. Daftari linakuonyesha mwalimu wa shule ya msingi wa Tabora, usiku, akijifunza kazi ya uandishi bila kufundishwa na yeyote, na akiipata. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiuona ukurasa huo kwa macho yake, atakuwa amefundishwa namna ya kuandika kuliko kwa maelezo yangu yote haya.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, hadi Botswana.

Kuna mji unaitwa Serowe. Uko ndani ya nchi, mbali na bahari kama tulivyo sisi, nchi ya vumbi, ng'ombe na kuitazama mbingu kama italeta mvua. Ni makao makuu ya kabila la Bamangwato, na ndiko alikozaliwa Seretse Khama, rais wa kwanza wa Botswana. Mwaka 1964 alifika hapo mwanamke wa miaka 26 kutoka Afrika Kusini, Bessie Head, akiwa na mtoto mdogo wa kiume na kibali cha kuondoka kwao kisichomruhusu kurudi. Alizaliwa mwaka 1937 mjini Pietermaritzburg, ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili. Mama yake alikuwa Mzungu aliyewekwa humo, na baba alikuwa mtu mweusi ambaye Bessie hakumjua maisha yake yote. Chini ya sheria za Afrika Kusini za wakati ule, uhusiano wa nje ya ndoa kati ya Mzungu na mtu mweusi ulikuwa kosa. Alilelewa na watu baki, akapelekwa makao ya watoto ya misheni huko Durban, na ni huko, akiwa msichana mdogo, alikoambiwa kwamba yule aliyemwita mama siye aliyemzaa.

Serowe alikuja kufundisha shule ya msingi. Kazi haikudumu. Akabaki mkimbizi asiye na uraia wa nchi yoyote, wa kuripoti polisi kila mara, hadi Botswana ilipompa uraia mwaka 1979. Ni miaka 15. Ndani ya miaka hiyo alilima bustani ya ushirika pamoja na wanawake wa pale, akapika jemu ya matunda ya bustani hiyo akauza, akaugua akili hadi akalazwa, akarudi nyumbani, akaandika. Riwaya yake ya kwanza, When Rain Clouds Gather, ilitoka 1968. Kwa fedha alizopata akajenga kijumba na kukiita Rain Clouds, yaani Mawingu ya Mvua. Kitabu chake cha 1981 alikitengeneza kwa kuwazungukia watu wa Serowe wenyewe na kuwauliza maisha yao na kazi za mikono yao, wazee kwa vijana. Alifariki hapohapo tarehe 17 Aprili 1986, akiwa na miaka 48.

Ninalotaka mlishike ni hili. Bessie Head alikuwa mtu wa kutunza karatasi. Barua alizopokea aliziweka. Barua alizotuma alizichapa kwa taipureta huku ameweka kaboni, na nakala akabaki nayo. Mwanamke asiye na pasipoti, asiye na hakika ya mlo wa kesho, alikuwa na jalada. Na alipofariki karatasi hizo hazikusafirishwa kwenda London wala Johannesburg. Zipo Serowe, kwenye Makumbusho ya Khama III, ndani ya nyumba iliyokuwa ya ukoo wa Khama, inayoitwa Nyumba Nyekundu. Pietermaritzburg, mji uliomzaa na kumkataa, mwaka 2007 uliipa maktaba yake kuu jina lake. Ni heshima. Lakini anayetaka kumsoma Bessie Head kwa mwandiko wake, kujua siku gani alikosa fedha ya posta na siku gani alipata wazo la riwaya, anafunga safari hadi Serowe. Profesa kutoka Ulaya anafika Serowe. Mtoto wa Serowe anatembea kwa miguu.

Nilipoyasoma hayo nilikwenda kabatini nikatoa sura zangu mbili za karatasi nyepesi, nikazisoma zote nikiwa nimesimama. Nakala ya kaboni ya Mayo ndiyo sehemu pekee ya mwanzo wa riwaya ile iliyobaki duniani. Daftari la kwanza na la pili ni kati ya yale yaliyoliwa.

Waheshimiwa, kuokoa karatasi si kazi ngeni Tabora. Kwihara, mwendo mfupi kutoka mjini, lipo tembe alilokaa Livingstone kwa karibu nusu mwaka, 1872, akisubiri mizigo na wapagazi. Stanley alipoagana naye Machi mwaka huo alibeba shajara yake kwenda nayo Uingereza. Livingstone alipofariki Mei 1873, kusini ya mbali, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili wake pamoja na maandiko yake, wakapita hapahapa Unyanyembe, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Miezi tisa njiani. Babu zetu Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kubeba mizigo ya watu kwenye njia ile, meno ya ndovu, nguo, risasi, na ndani ya mizigo hiyo karatasi. Zilivuka mito, zikafika.

Tembe la Kwihara limetunzwa na ni makumbusho. Nimewapeleka wajukuu zangu na nitawapeleka tena. Mgeni aliyekaa nasi miezi sita ana nyumba ya kumkumbuka. Mayo, aliyewafundisha kusoma watu wazima wengi wa Isevya wa leo, hana rafu moja. Naomba rafu hiyo.

Wala si Mayo peke yake. Tangu nianze kuulizauliza nimekutana na mwalimu mstaafu wa Kanyenye mwenye michezo ya redio aliyoiandika kwa mkono, ipo ndani ya begi la safari juu ya kabati. Nimemwona bibi mmoja wa Gongoni ambaye mama yake aliacha tenzi kwa herufi za Kiarabu. Yeye mwenyewe hawezi kuzisoma, lakini kila mwezi wa Ramadhani anazitoa na kuzifuta vumbi. Nimezungumza na binti wa marehemu aliyekuwa akiwaandikia barua wanawake wenzake wasiojua kusoma, akabaki na rasimu zake zote, barua za ndoa, za madai ya mirathi, za kuulizia watoto waliopotelea mijini. Alipoona nimevutiwa akaniambia, "Shangazi, mimi nilikuwa naziwashia mkaa." Amebakiwa na kama theluthi. Sasa haziwashii tena mkaa, ila hana pa kuziweka.

Karatasi za mwanamke zinapotea kwa njia yake. Mume akifa, wanaukoo wanatafuta hati ya kiwanja na kadi ya benki, karatasi nyingine zinapata nafasi zikiwa humohumo. Mwanamke akifa, wanagawana vitenge na vyombo, na kilichoandikwa kinaonekana uchafu wa ndani ya sanduku. Nimeshuhudia hivyo kwenye misiba zaidi ya mmoja. Na pale palipotunzwa, mara nyingi ni mbali. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, alitoa kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani mwaka 1886. Karatasi zake zipo Leiden, Uholanzi. Miswada mingi ya tenzi za Kiswahili ipo chuo kikuu kimoja cha London. Waliozitunza huko wamefanya kazi njema, na bila wao zingekuwa zimekwisha. Lakini bibi wa Gongoni hawezi kwenda London kuuliza mama yake aliandika nini.

Ombi langu ni dogo, na nimelipima kama mtu aliyefanya kazi ofisini. Tunaomba chumba kimoja ndani ya maktaba ya mkoa. Ghorofa jipya halihitajiki. Kiwe chumba kisichovuja, chenye rafu za chuma zilizosimama mbali na ukuta, maana mchwa hupanda kwa ukuta, na ubao wa chini kabisa uwe juu ya sakafu kiasi cha kupitisha ufagio. Kiwe na pazia zito, kwa sababu wino wa kalamu unafifia juani. Makasha ya karatasi ngumu, uzi wa pamba wa kufungia. Pini na klipu zitolewe kabla ya karatasi kuingia, maana kutu yake inakula ukurasa na kuuachia tundu. Na tafadhali asije mtu mwenye nia njema akazilaminisha. Karatasi iliyolaminishwa haitoki tena humo, na joto la ile mashine linaua wino. Nimeona cheti cha mtu kilivyogeuka njano kwa namna hiyo.

Watu wa kuifanya kazi hii tunao mjini. Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi yake hapa Tabora, na kinafundisha utunzaji wa kumbukumbu. Kila mwaka vijana wanatafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Wengi wanaishia kufungua majalada ya likizo na posho. Wapeni na hizi. Kijana wa mwaka wa pili akikaa miezi miwili na madaftari manne ya Mayo, akayaorodhesha ukurasa kwa ukurasa, akaandika lipi limekatika na lipi linasomeka, atatoka akiwa mtunza nyaraka kweli, na sisi tutakuwa na orodha.

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa naiomba ije itusaidie kuweka utaratibu. Nchi ina sheria ya kumbukumbu na nyaraka, Namba 3 ya 2002, na ina wataalamu. Mtu mmoja kutoka idarani akikaa nasi juma moja angetuonyesha namna ya kupokea, kusajili na kuhifadhi.

Naomba pia kila familia ipewe hati ya mapokezi, na nina sababu ya kuwa mkali hapa. Iandikwe vitu vingapi vimepokelewa, lini, na nani, na kwamba familia inaweza kuja kuviona siku yoyote ya kazi. Iandikwe pia kwamba kukabidhi karatasi si kukabidhi hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mayo alifariki 2006, kwa hiyo hadi 2056 wanawe wana haki juu ya riwaya ile. Akitokea mchapishaji kesho, wao ndio wa kuzungumza naye. Familia nyingi zinaogopa kutoa karatasi kwa sababu zinadhani zikitoka nyumbani zimekwenda jumla, na kwa yaliyonikuta siwezi kuwaambia kwamba hofu yao haina msingi.

Kuna kijana wa ofisi, mstaarabu sana, aliyeniambia, "Mama, kwa nini usizipige picha tu kwa simu, ukazitunza kwenye intaneti?" Nimezipiga. Mjukuu wangu alinisaidia, kurasa zote za madaftari manne. Simu ya kwanza iliibiwa stendi. Ya pili ilijaa, ikafuta nisichotaka. Picha ni msaada mkubwa na ziendelee kupigwa, kwa skana nzuri kama mtaipata. Ila kwenye picha sikuona kwamba sentensi ya tatu iliandikwa kwa kalamu tofauti. Niliiona nilipoliinamisha daftari lenyewe dirishani.

Na wapo walioniuliza, Mayo ni nani hata awekewe chumba? Hakuchapishwa, hakushinda tuzo, jina lake halijulikani nje ya mtaa. Ni swali la haki na nalijibu hivi. Bessie Head alipokuwa akiuza jemu Serowe na kuripoti polisi, majirani wengi walimwona mgeni msumbufu. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kusema siku ile kwamba karatasi zake zingewaleta watu kutoka ng'ambo. Aliyeziweka hakusubiri aambiwe kama zina thamani. Sidai kwamba Mayo ni Bessie Head. Nadai kwamba hatujui tulicho nacho, kwa sababu hakuna mahali ambapo mtu anaweza kukaa mezani, akafungua, akasoma, akapima. Huenda ndani ya begi la Kanyenye kuna mchezo ambao ungechezwa nchi nzima. Huenda hakuna. Mchwa hawatatusaidia kuamua.

Kuhusu gharama, nimezunguka kwa mafundi wa hapa mjini kuuliza rafu za chuma, na niko tayari kuja ofisini na bei zao mkiniita. Wastaafu wenzangu wa uhazili tumeongea. Kumi na mmoja tumekubali kujitolea siku mbili kwa juma, zamu kwa zamu, kuchapa upya kurasa zinazokaribia kufa. Vidole vyetu bado vinafanya kazi. Tunaomba meza mbili, na umeme usikatwe mchana.

Naelewa mna hospitali za kujenga na barabara za kutengeneza, na wajumbe wenu wanapokaa kwenye bajeti kuna watoto wanaokaa chini madarasani. Nimechapa bajeti nyingi, najua fungu linavyokuwa dogo. Ndiyo maana sijaomba jengo. Naomba chumba ambacho tayari kina paa.

Mvua zinaanza kwetu Novemba. Udongo ukishalowana, mchwa wa Isevya wanatoka. Sanduku nimelinyanyua juu ya matofali manne na kila jioni naangalia pembe zake kwa tochi. Nimeshanunua bati jipya la kuziba ile pembe iliyoliwa. Mkinijibu kabla ya mvua, nitalileta mwenyewe kwa bajaji, nikiwa na daftari la tatu mapajani, na nitaomba hati ya mapokezi kabla sijalitua.

Wenu mtiifu,

Mhazili mstaafu,
Isevya, Tabora.

Nakala: Jalada. (Imechapwa kwa kaboni. Ya chini ninabaki nayo.)